Kukauka Si Shughuli

Saa moja na robo asubuhi, kengele haijalia bado, mwalimu wa ufinyanzi alikuwa anapita kwenye rafu akilaza shavu juu ya kila chungu. Kiganja hudanganya, kimeota sugu; shavu halina uongo. Chungu kikiwa baridi shavuni, ndani bado kina maji, na chungu chenye maji kikiingia kwenye tanuri hupasuka kama bisi. Tena hakifi peke yake, kinakwenda na majirani.

Kazi kumi zilikuwa kavu, na zilikuwa kavu tangu Alhamisi. Ya kumi na moja ilikuwa sakafuni kwenye kona, juu ya matofali mawili, kwa sababu rafu isingeibeba. Mwalimu alipiga magoti. Akagusisha shavu ubavuni: pakavu. Akashuka taratibu mpaka kwenye kitako, mgongo ukimlalamikia. Baridi.

"We Konokono wewe," alisema peke yake. "Utakuja kuniua."

Konokono alikuwa msichana wa kidato cha nne. Darasa zima lilimwita hivyo na mwenyewe aliitika, maana kila alichofanya alikifanya polepole. Mtungi wake ulifika usawa wa goti. Kuuzunguka kulikuwa na foleni ya watu arobaini na wawili wa udongo, kila mmoja urefu wa kidole, wamesimama mmoja nyuma ya mwenzake: mwenye mtoto mgongoni, mwenye mkongojo, mwenye bahasha kwapani, na mmoja aliyechuchumaa kwa kuchoka. Mtungi ni duara, kwa hiyo foleni ile haikuwa na mbele wala nyuma. Wiki ya kwanza mwalimu alimwuliza dirisha la kuhudumiwa liko wapi. Konokono alifikiri weee, kisha akasema, "Madam, mimi na mama hatujawahi kulifikia. Sijui linafananaje."

Mtungi huo ndio ulikuwa mtihani wake. Chuo cha ufundi kilitaka masomo matano ya kufaulu vizuri. Manne alikuwa na uhakika nayo. Hesabu usimwulize, mtakosana bure. La tano lilikuwa sanaa, na nusu ya alama za sanaa ilikuwa imesimama pale juu ya matofali mawili. Gari la mitihani lingekuja kesho, Jumanne, saa nane mchana, kukusanya kazi za vitendo, na maelekezo yake kuhusu udongo yalikuwa mstari mmoja tu: kazi isiyochomwa haisahihishwi.

Mwalimu alikuwa na mpango. Leo tanuri liwake moto mdogo mpaka kitako cha mtungi kikauke, kisha lipande pole pole mpaka saa mbili usiku, lipoe mpaka kesho mchana, kazi zitoke, zikabidhiwe. Angechoma za wenzake wiki iliyopita, lakini tangu mwaka uanze ofisi ilikuwa imeagiza tanuri liwashwe mara moja tu kwa muhula, kubana matumizi. Mara moja ni mara moja. Ukiwa na mara moja, unamsubiri wa mwisho. Na mvua nayo ilikuwa na siku ya tisa inanyesha, kuta zinatoa jasho, hata chaki ililoa. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kuhusu kuungoja ukauke hawakusema kitu. Labda wao hawakuwa na mkaguzi.

"Hodi hapa."

Mlangoni alisimama mwanamume mnene mwenye mkoba wa vifaa begani na karatasi iliyolowa pembeni.

"Karibu. Darasa bado."

"Mimi si wa darasa, mama. Mimi fundi umeme. Nimeambiwa kuna waya wa kung'oa." Alitupa macho chumbani, akaliona tanuri la matofali na waya mnene unaotoka nyuma yake kwenda ukutani. "Eeh, ni huyu bwana mkubwa."

"Nani kakwambia?"

Fundi alisoma karatasi kwa kidole. "Kuondolewa kwa vifaa visivyotumika. Waya mkubwa, mmoja. Boksi la swichi, moja. Vichukuliwe na lori la bohari ya wilaya leo saa kumi jioni."

"Visivyotumika?"

"Ndivyo walivyoandika. Mimi na herufi hatuna ugomvi."

"Kaka yangu, nakuomba. Usiguse hata skrubu. Naenda ofisini narudi."

"Nenda tu, mama. Chai ipo?"

"Haipo."

"Basi tutakaa hivyo hivyo," alisema fundi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Makamu wa mkuu wa shule alikuwa mezani kwake. Mbele yake palikuwa na faili tatu na glasi ya maji iliyofunikwa kwa kisahani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likimchosha mwalimu: mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika.

"Kaa, Madam. Najua kilichokuleta."

"Sikai. Makamu, tanuri langu halitumiki tangu lini?"

Makamu akafungua faili. "Mkaguzi amekuja mara tatu. Tarehe mbili, tarehe kumi na moja, tarehe ishirini. Mara zote tatu amekuta tanuri limezimwa na vyungu viko kwenye rafu. Ameandika hapa: hakuna shughuli."

"Vilikuwa vinakauka! Nilimwambia kwa mdomo huu."

"Na hilo kaliandika, usidhani hakuandika." Akageuza ukurasa. "Mwalimu alieleza kwamba vyungu vinakauka. Kukauka si shughuli."

Mwalimu alicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha hasira tupu. Jamani! Mtu amevaa tai, amekuja na gari, amesimama mbele ya rafu, ameangalia kazi za watoto za wiki sita, akaandika kukauka si shughuli. Mkate ukiumuka naye angesema mwokaji amelala.

"Makamu. Nani aliniandikia barua kwamba tanuri liwashwe mara moja kwa muhula?"

"Ofisi."

"Ofisi ipi?"

"Hii hii. Kwa maelekezo ya wilaya."

"Na nani leo anasema haliwashwi?"

"Wilaya."

"Hiyo hiyo?"

"Madam, usinihoji kama uko kituoni. Mimi hapa ni bomba, maji yanapita tu." Akashusha sauti. "Masomo ya hiari yanakwisha, na wewe unajua. Muziki umekwenda mwaka jana. Uchoraji muhula uliopita. Hata jiografia yangu niliyofundisha miaka kumi na minne wameibandika kwenye somo lingine. Nilisema nini? Nilimeza mate."

"Mimi sikuombi somo. Nakuomba siku moja. Kesho saa nane gari la mitihani linakuja, lichukue kazi, halafu wang'oe hata mlango."

"Lori ni la wilaya, halinisubiri mimi. Ninachoweza ni kumwambia fundi ang'oe dakika ya mwisho. Saa kumi kamili. Zaidi ya hapo kibarua changu kitaota nyasi." Akasogeza karatasi. "Na fomu hii naitaka hapa kesho saa mbili asubuhi, na saini yako."

Mwalimu akaisoma kwa kusimama. Makabidhiano ya vifaa visivyotumika. Hali ya vifaa. Jina la mhusika. Na chini kabisa: idadi ya wanafunzi walioathirika na zoezi hili. Kwenye kile kikasha kulikuwa na sifuri.

"Nani ameandika hii sifuri?"

"Nimekuanzishia. Kwa penseli tu. Wewe utapitisha kalamu."

"Nitaandika kazi zikitoka," alisema mwalimu. Akaondoka na fomu.

Kwenye varanda alimpigia simu mwalimu mwenzake wa shule jirani. Labda angeazima tanuri.

"Shoga, umechelewa," alisema yule. "Letu waling'oa waya mwezi uliopita. Sasa ndani tunaweka mafagio."

Alipofika, wanafunzi walikuwa wamejaa. Kujaa kwenyewe watu kumi na mmoja. Spika, mvulana aliyeitwa hivyo kwa sababu hajawahi kunong'ona maishani mwake, alikuwa anamwuliza fundi kama ni kweli umeme una ladha ya chumvi. Konokono alikuwa amechuchumaa kwenye kona, shavu limegusa kitako cha mtungi. Hakuna aliyemwambia apime. Alipoinuka alikuwa ameshajua.

"Bado, Madam."

"Najua. Kaeni. Tena kaeni karibu, sitaki kupaza sauti."

Akawaeleza yote, hakupunguza neno. Tanuri litazimwa saa kumi. Sasa hivi ni saa mbili. Kuna njia mbili. Ya kwanza, waingize kazi kumi zilizokauka, moto upande mara moja, saa kumi ikifika zitakuwa zimeiva. Mtungi ubaki nje. Ya pili, waingize zote, moto ukae chini mpaka mtungi ukauke. Ukikauka kufikia saa nne, wanawahi. Usipokauka, hawawahi, wote.

"Utoke wangu," alisema Konokono. Kwa mara ya kwanza mwaka mzima alijibu kabla ya mtu mwingine. "Mimi ndiye niliyewachelewesha."

"Wewe ndiye mvua?" aliuliza Spika.

"Acha zako. Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli. Wewe ndiye wilaya?"

Msichana aliyekaa mbele, mwenye vikombe sita vilivyopangika vizuri, aliinua mkono. "Lakini tusidanganyane, jamani. Na mimi nataka kufaulu. Mama yangu kaniambia nikianguka nisirudi nyumbani."

Hakuna aliyemzomea, maana alichosema kilikuwa kwenye matumbo yao wote.

"Ana haki," alisema Konokono.

"Ninayo," alisema yule msichana. Akaviangalia vikombe vyake. Kisha akageuka akauangalia mtungi, akamwangalia yule mtu wa udongo aliyechuchumaa. "Konokono alimfanya huyu siku aliyonisaidia kubandika mikono ya vikombe. Vyote sita. Ndiyo maana amechelewa." Akavuta pumzi. "Uingie. Ila Madam, tufanye chapchap."

Mwalimu angeweza kukataa. Mwenye kuamua alikuwa yeye, si wao, na baadaye alijikumbusha hivyo mara nyingi. Lakini alikuwa amewafundisha miaka minne kwamba tanuri ni la darasa, na aliamini, kwa ujinga wa mtu mwema, kwamba saa nne ingetosha.

Wakaingiza zote. Mtungi walibeba watu wanne, fundi wa tano. "Mtoto, huyu uzito wake kama mkwe wangu," alisema fundi, akihema. Saa mbili na nusu mwalimu alibonyeza swichi. Akaacha mlango wa tanuri wazi upana wa kidole, mvuke upate njia.

"Mwenye kioo akitoe," alisema. "Leo siulizi sheria za shule."

Vioo vinne vikatoka, kimoja mfukoni mwa Spika. Mwalimu akakiweka kimoja mbele ya ule upenyo. Kikafunikwa na ukungu papo hapo. Maana yake maji bado yanatoka ndani, na maji yakitoka, moto haupandi.

Saa tatu, ukungu. Saa tatu na nusu, ukungu. Walikuwa na kipindi cha Hesabu lakini hakuna aliyekwenda, na mwalimu wa Hesabu alipochungulia mlangoni aliwaona kumi na mmoja wanaangalia kioo, akafunga mlango pole pole akaenda zake. Nje mvua ilikuwa inanyesha kama imelipwa. Spika alishauri wachimbe shimo nyuma ya darasa wachome kwa kuni, kama bibi zao. Mwalimu alimwonyesha uwanja: maji ya kifundo. Kuni zenyewe zingekuwa mbichi kuliko vyungu, na moto wa wazi shuleni ulipigwa marufuku tangu maabara iungue.

Saa nne kamili mwalimu alikiweka kioo. Wote waliinuka. Ukungu ulikuja mwembamba, ukakaa.

"Tupandishe tu, Madam," alisema msichana wa vikombe.

"Tukipandisha sasa unapasuka. Ukipasuka, vikombe vyako unavizoa na fagio."

"Basi tuutoe!"

"Ni wa moto. Tukifungua, baridi ikiingia, zinapata nyufa zote."

Hapo ndipo msichana wa vikombe alipoanza kulia, kwa hasira, bila kujificha. Konokono akamsogelea, hakujua la kusema, akamshika mkono wa sweta. Mwenzake hakumsukuma.

Saa tano, ukungu. Saa sita kasoro dakika tano mwalimu aliweka kioo akahesabu mpaka thelathini. Kilibaki safi. Aliona uso wake ndani yake, una vumbi la udongo shavu zima.

"Haya!" alisema. Akaufunga mlango wa tanuri, akazungusha kitasa cha moto mpaka mwisho.

Saa nne zilibaki. Tanuri zima lingeweza, kwa kulikimbiza. Hili halikuwa zima. Nyaya zake za ndani zilikuwa tano, mbili zilikufa mwaka juzi, na ombi la kuzitengeneza lilikuwa kwenye faili fulani, nalo pia linakauka. Kipimo kilipanda kama mtu mwenye nyonga mbovu anayepanda ngazi. Saa saba, digrii mia mbili na kumi. Saa nane, mia mbili na tisini. Udongo unataka mia tisa. Ukiwa na dharura, mia saba. Chini ya hapo ni matope yaliyovaa vizuri.

Saa tisa, mia tatu na sitini.

Saa kumi kasoro robo lori lilipiga honi getini. Fundi aliinuka kwenye ndoo, akafungua mkoba, akauchungulia kwa muda mrefu.

"Ajabu hii," alisema. "Bisibisi yangu sijui nimeiacha wapi."

Bisibisi ilikuwa imechomoza mfukoni mwake, kila mtu anaiona.

"Itakuwa nyumbani," alisema. "Naifuata. Mimi nikitembea, natembea kama huyu mtoto wenu wa mtungi." Akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Hivyo walipata dakika ishirini na tano. Mwalimu hakuwahi hata kumshukuru. Saa kumi na dakika ishirini na tano Makamu alikuja mwenyewe na dereva wa lori nyuma yake, na fundi akiwa amekamatwa njiani, ameloa chapachapa.

"Mimi nina shule tatu bado," alisema dereva. "Mnanichelewesha."

"Niongeze muda, Makamu," alisema mwalimu. "Liko mia nne na thelathini. Nipe mpaka usiku. Dereva azunguke hizo shule tatu, halafu arudi."

"Njia ni moja, mama, sirudi nyuma," alisema dereva.

"Madam." Makamu hakumwangalia machoni. "Tulikubaliana saa kumi."

Mwalimu aligeuka akawaangalia wanafunzi wake, na kwa kweli alitaka waseme kitu, wapige kelele, hata watukane. Spika alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakikutoka kitu. Fundi akashusha swichi kuu. Taa nyekundu ya tanuri ikazimika, na sauti ile ya kuunguruma waliyoizoea tangu asubuhi ikakatika.

"Nisamehe, mama," alisema fundi, akifungua skrubu ya kwanza.

Waliufunga waya kwa kamba na kuuburuza nje kama nyoka aliyeuawa. Tanuri lenyewe lilibaki palepale. Matofali hayabebeki.

Jumanne saa moja asubuhi tanuri lilikuwa vuguvugu tu. Wote kumi na mmoja walikuwepo. Mwalimu alifungua mlango, na wanafunzi wakapiga kelele za furaha, maana hakuna kilichopasuka. Bakuli la Spika zima, vikombe sita vizima, na mtungi umesimama katikati, watu wote arobaini na wawili wapo, hata yule aliyechuchumaa. Rangi ilikuwa imekolea kidogo, kama mkate uliotolewa mapema.

"Zimetoka! Madam, zimetoka!" Spika alikuwa amerudiwa na sauti.

Mwalimu alichukua kikombe kimoja, akakigonga kwa ukucha. Kilichoiva hulia kama kengele. Hiki kilisema *dup*. Akagonga bakuli. *Dup*. Konokono, ambaye masikio yake hayakuwa na haraka lakini hayakukosea, aliinama akaugonga mtungi wake mwenyewe. Akabaki ameinama hivyo hivyo.

"Ni mbichi," alisema.

Msichana wa vikombe alianza kuvipanga kwenye boksi kimoja kimoja, akivifungia gazeti, kama vitu vizima.

Saa mbili mwalimu alikwenda ofisini na fomu yake mkononi. Konokono, Spika na wenzao wawili walibeba mtungi nyuma yake, wawili huku na wawili kule, wakautua juu ya meza ya Makamu, kati ya faili na glasi ya maji.

Makamu aliuona, uso wake ukafunguka. Ukweli usemwe, alifurahi kwa moyo wake wote. Pengine usiku hakulala.

"Lo! Si unaona sasa? Mzima kabisa! Mtoto, huu umeufanya wewe?" Akauzunguka akiwaangalia watu wa foleni, akacheka alipomwona mwenye bahasha kwapani. "Huyu namjua huyu! Madam, mnapenda kuogopa bure. Kazi zimetoka, fundi amefanya kazi yake, lori limeondoka, hakuna aliyeathirika. Pitisha kalamu hapo kwenye sifuri tumalize."

Mwalimu alikuwa amepanga la kusema. Alilipanga njia nzima, lenye digrii na saa na nyaya mbili zilizokufa. Kabla hajafungua kinywa, akatanguliwa.

Konokono ndiye aliyesogea. Pole pole, kama kawaida yake, aliweka kidole gumba na cha shahada kwenye yule mtu aliyechuchumaa, akambandua mtungini. Alitoka kwa mlio mdogo, kama wa biskuti ikivunjika. Akaondoa kisahani juu ya glasi ya Makamu, akamtumbukiza mtu wake ndani.

"We mtoto, hayo ni maji yangu ya kunywa!"

"Naomba usubiri, Makamu," alisema Konokono. "Hatachukua muda."

Mtu wa udongo alikaa chini ya glasi, amechuchumaa, mzima. Vipovu vidogo vikamtoka mgongoni. Halafu magoti yakalegea. Kichwa kikaanguka mbele, mabega yakafumuka, na maji yakaanza kuwa na rangi ya chai. Kabla saa ya ukutani haijazunguka dakika mbili, chini ya glasi palikuwa na tope.

Makamu alikuwa ameinama, mikono magotini. Alitazama glasi, akatazama mtungi na lile pengo kwenye foleni, kisha akatazama tena glasi.

"Na zile nyingine?" aliuliza mwishowe.

"Zote," alisema Spika, kwa sauti ndogo ambayo hakuna shuleni aliyewahi kuisikia.

Mwalimu alichukua kalamu ya Makamu mezani. Kwenye kikasha cha wanafunzi walioathirika, juu ya ile sifuri ya penseli, akaandika kumi na moja kwa wino, kwa tarakimu, halafu pembeni kwa maneno. Akaweka saini.

"Madam, utaniponza," alisema Makamu. "Wilaya wanataka sifuri. Ikiwa na namba, lazima iambatane na maelezo. Maelezo yenyewe yanataka ushahidi. Hii kitu haitaishia hapa."

"Iambatanishe," alisema mwalimu, akaisukuma glasi mpaka ikagusa fomu.

Kisha akawageukia watoto. "Beba upande huo, Spika. Taratibu. Saa nane gari likija litukute tumezipanga kwenye varanda, zote, kila moja na namba yake ya mtihani. Wazikatae wenyewe, kwa macho yao."

Walitoka na mtungi. Mlangoni Konokono alitazama nyuma mara moja, si kwa Makamu, kwa glasi. Makamu alikuwa bado amesimama palepale. Aliichukua ile fomu, akaisoma tena, akairudisha kando ya glasi bila kufuta kitu. Halafu akachukua kisahani chake na kuifunika glasi.